Taa ya ukumbini inapoziba redio: kutafuta kelele za balbu za kuokoa umeme

Jua likishazama hapa Tanga, mita bendi 40, yale masafa ya redio ya ridhaa yanayoanzia 7,000 kHz, huanza kufunguka. Kwanza wanasikika watu wa Ghuba, wenye ishara za wito zinazoanza na A4 na A6, halafu Ulaya inaingia polepole. Saa hiyohiyo mtaa mzima unawasha taa. Mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi redioni, iliyokuwa imelala kwenye S2 inapanda hadi S8, na yule mtu wa Muscat uliyekuwa unamsikia kana kwamba yuko chumba cha pili anazama kwenye mvumo wa kukwaruza.

Viwango sita vya S ni vingi mno. Kila kimoja ni desibeli 6, kwa hiyo umepoteza desibeli 36. Ili asikike vizuri kama alivyosikika mwanzo, yule wa Muscat angelazimika kuongeza nguvu takriban mara elfu nne: mwenye wati 100 angetaka kilowati 400. Hakuna antena ya kununua itakayoziba pengo hilo. Lakini limeletwa na balbu ya bei ya chini kabisa dukani, na ukiijua ni ipi, linaondoka kwa kuizungusha tu.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, maana hivyo ndivyo tatizo linavyokuja: unaanza kusikia, kujua kunafuata. Nimemwandikia mwenye leseni ya redio ya ridhaa, lakini hata mzee anayesikiliza idhaa za masafa mafupi usiku atakuta shida yake humuhumu.

Kabla hujailaumu balbu

Anza na antena. Ichomoe kabisa nyuma ya redio. Kelele ikibaki vilevile, haipiti kwenye antena. Inakuja na waya wa umeme wa redio yenyewe, na mara nyingi mkosaji ni pawa saplai ya bei nafuu. Kelele ikifa, rudisha antena tuendelee.

Hatua ya pili ni betri. Washa redio kwa betri ya volti 12, iwe ya gari au ya sola, waarifu watu wa nyumbani, kisha shusha swichi kuu. Nyumba nzima izimike. Mita ya S ikianguka, mkosaji unaishi naye. Isipoanguka, yuko kwa jirani, yuko kwenye nguzo, au ni kelele ya angani. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona ni usumbufu, halafu wanamaliza miezi wakibadilisha antena. Naomba usiiruke.

Kipimo kingine hakina gharama hata kidogo. Umeme ukikatika mtaa mzima, washa redio kwa betri kabla hata ya kutafuta tochi, pitia bendi zote, andika mita ya S inasoma ngapi. Hiyo ndiyo sakafu yako halisi. Kwangu mita 80, bendi ya masafa ya chini zaidi, husoma S3, na mita 40 husoma S1 au S2. Kinachozidi hapo umeme ukirudi kimeletwa na kifaa cha mtu, na kinaweza kuondolewa.

Usichanganye na radi. Wakati wa masika, hata kama kwako hakuna wingu, mita 80 na mita 40 hujaa milio ya kuchanika isiyo na mpangilio: kra, kimya, kra-kra. Hiyo inatoka kwenye radi za mamia ya kilomita mbali na haina dawa. Kelele ya balbu haipumui namna hiyo, ikianza inakaa.

Kelele inapanda na kushuka kwa hatua zilezile

Zungusha masafa polepole kuanzia 6,900 hadi 7,300 kHz. Ukisikia kelele inapanda kama kilima, inashuka, kisha inapanda tena baada ya umbali uleule, tuseme kila 45 kHz, na sauti yake ni mkwaruzo mzito usiobadilika, umekutana na kifaa kinachokatakata umeme. Ni balbu, au ni ndugu zake: chaja, king'amuzi, adapta ya ruta.

Enaji seva, ile ya mrija uliosokotwa, haiutumii umeme kama unavyotoka ukutani. Daiodi nne huugeuza ule wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu wa volti 325 hivi, kapasita inautuliza, halafu transista mbili zinaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Nyingi hufanya kazi kati ya 25 na 60 kHz. Balbu ya LED yenye koili ndani hufanya jambo linalofanana, ila transista yake mara nyingi imefichwa ndani ya chipu. Ukataji huo ni wa ghafla, na wimbi lenye kingo kali halitulii kwenye masafa yake ya msingi. Linazaa hamoniki, yaani mazidisho ya masafa hayo, moja baada ya nyingine, kwa hatua zilezile hadi mbali sana. Hamoniki ya 157 ya 45 kHz inaangukia 7,065 kHz, ndani kabisa ya mita bendi 40.

Kwa nini basi husikii mluzi mwembamba, unasikia kilima kipana? Kwa sababu ule mkondo mnyoofu haujanyooka vizuri. Unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na kasi ya ukataji inayumba pamoja nao. Masafa ya msingi yakiyumba kwa Hz 100 tu, hamoniki ya 157 inayumba kwa Hz 15,700. Hapo ndipo kilima kimoja kinapofunika 7,074 kHz wanapokusanyika watu wa FT8, ile njia ya kuwasiliana kwa kompyuta, pamoja na majirani wao wa pande zote mbili. Ule mkwaruzo unaousikia ni zile mara 100 kwa sekunde.

Kuna ushahidi mwingine unaopita bila watu kuuona. Balbu ikipata joto, kasi yake hubadilika, na kilima kinatambaa. Ukikuta kilima kinahama polepole kisha kinatulia baada ya dakika tano au kumi, jua kwamba kuna kitu kimewashwa sasa hivi. Tupa jicho dirishani uone ni nyumba ya nani imewaka.

Umbali kati ya kilima na kilima unakutambulisha kifaa. Nina daftari ambamo nimeandika umbali wa kila kitu cha nyumbani: balbu ya jikoni, chaja ya simu, king'amuzi. Siku kelele mpya ikiingia, napima hatua zake kwanza, nalinganisha na daftari, na mara nyingi sihitaji hata kusimama kwenye kiti. Mwenye kipokezi kidogo cha SDR (redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta) cha USB atakiona kilima kwenye kompyuta kwa macho, lakini kitasa cha redio na kalamu vinatosha.

Kuitafuta chumba kwa chumba

Chukua redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati. Iweke mahali pasipo na kituo, karibu na 1,600 kHz kwa mfano, uongeze sauti. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya laini. Hicho ndicho antena yake, na ndiyo sababu redio hiyo inasikia kelele ya balbu ikiwa karibu kuliko redio yako kubwa.

Tembea nayo. Utashangaa kuona inalia zaidi ukutani, karibu na swichi, kuliko chini ya balbu. Haijakosea. Balbu ni ndogo mno kurusha mawimbi yenyewe. Nyaya za nyumba ndizo zinazoirushia. Angalia mafundi wetu wanavyovuta waya: laivu inashuka ukutani hadi kwenye swichi, inapanda tena hadi kwenye holda, na nyutro inakuja kwa njia yake kutoka upande mwingine wa dari. Waya mbili zikiachana hivyo zinakuwa kitanzi kikubwa, na kitanzi ni antena. Kwa hiyo redio ndogo inakupa mshukiwa tu. Uthibitisho ni kuzima balbu hiyo, ukaona mita ya S ya redio kubwa inashuka.

Hapa kuna mtego uliowahi kunipotezea wiki nzima. Nyumba ikiwa na balbu sita za aina moja zenye kelele sawa, ukizima moja, kelele inapungua kwa chini ya desibeli 1. Sikio halisikii, mita haitikisiki, nawe unasema, "Hii haina kosa," unairudisha. Unafanya hivyo kwa zote sita, na zote zinatoka bila hatia. Fanya kinyume chake: zima zote, hakikisha kumetulia, kisha washa moja, sikiliza, izime, washa nyingine. Kuanzia kwenye ukimya hata kosa dogo linasikika.

Balbu mbili za boksi la aina moja

Niliwahi kununua balbu mbili za LED za wati 9, boksi la aina moja, duka moja, siku moja. Ya kwanza ilipandisha mita 40 hadi S7. Ya pili niliiwasha nikadhani haijashika kwenye holda, maana redio haikujua kama kuna kitu kimewashwa.

Nilizifungua zote mbili mezani. Ganda jeupe la juu linatoka ukilizungushia kisu butu. Chini yake kuna sahani ya alumini yenye vidonge vya LED, na chini ya sahani, ndani ya kitako, kuna ubao mdogo usiozidi kidole gumba. Bao zile zilikuwa pacha, hata maandishi yake meupe. Kwenye balbu tulivu, palipoandikwa L1 palikuwa na koili ndogo iliyovikwa plastiki nyeusi, na palipoandikwa CX1 palikuwa na kapasita ya njano ya mstatili. Kwenye ile ya kelele, L1 palikuwa na kipande cha waya mtupu kilichonyooshwa kuunganisha tundu hadi tundu, na CX1 palikuwa na matundu mawili safi ambayo hayajawahi kuguswa na risasi ya kuchomelea. Aliyeuchora ubao alijua kichujio kinahitajika na akakiwekea nafasi. Aliyeujaza ubao vifaa ndiye aliyekiacha.

Tangu siku ile siamini jina la boksi wala alama zilizochapwa juu yake. Kiwango cha kimataifa cha kelele za taa kipo, kinaitwa CISPR 15, na kinaweka mipaka ya kelele inayorudi kwenye nyaya kuanzia 9 kHz hadi 30 MHz. Balbu inayokifuata kwa kweli ni nafuu kubwa, ila hata hiyo inaweza kusikika kwako ikiwa waya wa antena unapita mita tatu juu ya bati.

Ukitaka kufungua balbu ya LED, subiri kwanza: kapasita iliyomo inaweza kubaki na chaji ya volti 300 na zaidi baada ya kuitoa kwenye holda. Enaji seva ya mrija usiifungue kamwe. Mrija una zebaki, ni miligramu chache lakini ni sumu. Ikipasuka, fungua madirisha, toka kwa dakika kama kumi na tano, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, usivifagie. Taa hizo ziko njiani kuondoka: mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba zile zenye balasti yake ndani, za hadi wati 30, zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2025. Zilizoko majumbani bado zinawaka.

Zipo balbu za LED tulivu kwa maumbile yake. Baadhi hupunguza umeme kwa kapasita peke yake, nyingine kwa chipu inayobana mkondo bila kuukatakata. Hizo hazina cha kupigia kelele. Nyingi za zile za kioo zenye nyuzi za njano ndani ni za aina hiyo, kwa kuwa kitako chake hakina nafasi ya koili. Ubaya wake, baadhi hupepesa. Elekeza kamera ya simu kwenye balbu: michirizi ikitambaa kwenye kioo cha simu, kuna uwezekano mzuri kwamba balbu hiyo haina koili. Ni fununu tu, haitoshi kununulia.

Kinachotosha ni kwenda dukani na redio. Kwetu muuzaji hakupi balbu bila kuichomeka uone inawaka, na hilo ni jambo la kushukuru. Nafika na redio yangu ya mfukoni imewekwa 1,600 kHz, namsalimu, namweleza, anachomeka, mimi nasogeza redio hadi karibu shubiri moja. Mara ya kwanza alinitazama sana. Sasa nikiingia ananiuliza, "Leo unataka za kimya ngapi?"

Kelele yenye saa yake

Ikianza saa kumi na mbili na nusu jioni kila siku na kukoma alfajiri kukipambazuka, hata siku za wingu ikawahi kidogo, usiwatafute wakeshao usiku. Ni taa ya nje inayojiwasha yenyewe kwa kuhisi giza. Pita nje magharibi uone ipi inawaka dakika hiyo kelele inapoingia. Ikija na kuondoka kwa dakika moja au mbili bila utaratibu, angalia taa ya ulinzi inayohisi mtu akipita. Ikiwepo mchana tu, jua linapowaka, usiangalie taa kabisa. Tafuta kidhibiti chaji cha sola.

Tik, tik, tik usiku, na taa zote zimezimwa

Hii huwasumbua watu kwa sababu haiaminiki. Taa zimezimwa, lakini redio inagonga mara moja kila sekunde chache, kwa mapigo yanayolingana. Nenda ukae gizani chini ya enaji seva kwa dakika moja. Utaiona ikimweka, na kila mmweko utaenda sambamba na pigo la redio.

Chanzo ni umeme mdogo unaovuja kuingia kwenye balbu iliyozimwa. Unaijaza kapasita yake kidogokidogo, balbu ikifika kiwango inajaribu kuwasha mrija, inaishiwa, inaanza upya. Huo uvujaji huletwa na swichi yenye kitaa chekundu cha kukuonyesha ilipo gizani, au na kosa la kweli: fundi ameikata nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Kitaa chekundu hakina madhara. Badilisha swichi ukitaka utulivu. Nyutro kukatwa ni hatari, kwa kuwa holda inabaki na laivu hata swichi ikiwa chini, na atakayebadilisha balbu akigusa ndani atapigwa. Mwite fundi umeme mwenye leseni akupimie. Nimekuta kosa hili kwenye nyumba mbili, na kote redio ndiyo iliyolifichua.

Mita 40 haina shida, lakini mita 2 na FM zimezibwa

Redio ya mkononi kwenye 144 hadi 146 MHz inafunguka yenyewe na kuvuma, au idhaa ya FM ya mbali inapotea ukiwasha taa za dari. Mara nyingi ni vile vitaa vidogo vya volti 12 vilivyopangwa safu kwenye dari ya jipsamu. Kila kimoja kina kikata umeme chake ndani ya kitako kisichozidi dole gumba, bila nafasi ya kichujio, na waya unaokuja kutoka kwenye transfoma una urefu unaofaa kabisa kurusha mawimbi ya VHF. Zima safu nzima, usihangaike na kimoja kimoja. Dawa ya kudumu ni kubadilisha safu iwe ya aina tulivu ya volti 230, ukiwa umeijaribu moja kwanza.

Ukibonyeza kutuma, taa ndiyo inayocheza

Hapa mambo yamegeuka. Ukisema kwenye maikrofoni, balbu inapepesa kwa kufuata sauti yako, au iliyozimwa inatoa mwanga hafifu. Mawimbi yako yameingia kwenye nyaya za nyumba, na kinachoyaleta karibu kila mara ni gamba la koaksi, ule waya wa antena: linashuka kutoka kwenye antena likirusha kama sehemu ya antena. Njia inayopeleka mawimbi yako kwenye balbu ndiyo inayoleta kelele ya balbu kwako. Kwa hiyo anayerekebisha hili hurekebisha na lile.

Ukishazima kila kitu na bado ipo

Mchakacho mkali unaosikika bendi zote kwa nguvu inayokaribiana, usio na vilima, unaozidi siku kavu zenye upepo na kufa mvua ikinyesha, ni cheche kwenye nguzo ya umeme: chuma kilicholegea au kikombe cha kuzuia umeme kilichopasuka. Huku pwani kuna wa namna nyingine: chumvi ya bahari hujipaka kwenye vikombe, umande wa usiku unailowesha, umeme unatambaa juu yake, na mvua kubwa ikiosha kunatulia kwa wiki kadhaa. Andika namba ya nguzo, upeleke taarifa kwa shirika la umeme. Usiigonge nguzo, usiisogelee na ngazi.

Tyubu ndefu za zamani zenye choki nzito na stata hazina vilima. Hupiga mchakacho wakati wa kuwaka, na tyubu iliyochoka inayowaka na kuzima hupiga mfululizo. Badilisha tyubu na stata. Dima nazo hutoa mvumo wa mara 100 kwa sekunde unaobadilika ukizungusha kitasa chake, na hapo utambuzi unajimaliza wenyewe.

Dawa, kwa mpangilio ninaoufuata

Kwanza kabisa, badilisha balbu. Najua mtu wa redio hupenda kutengeneza, lakini kichujio kizuri kinagharimu zaidi ya balbu tano tulivu, na balbu ya darini haina hata pa kukifunga.

Pili, sogeza antena. Kwenye mita 40 wimbi lina urefu wa mita 42 hivi, na ndani ya mita saba za kwanza kutoka kwenye nyaya kelele ya karibu ina nguvu sana. Kuisogeza antena kutoka juu ya bati hadi kwenye mnazi ulio mita 15 nyuma ya nyumba kunaweza kukupa zaidi ya kifaa chochote cha dukani. Daipoli yenye mikono miwili ya mita 10 inatulia kuliko waya mmoja unaolishwa mwishoni, kwa kuwa waya huo hutumia athi na nyaya za nyumba yako kama nusu yake ya pili, na kelele zote ziko humo.

Tatu, choki, yaani kizuizi cha mawimbi, kwenye koaksi. Chukua pete ya feraiti ya mchanganyiko namba 31 yenye kipenyo cha milimita 61, pitisha koaksi nyembamba mizunguko 12 hadi 14, uiweke pale koaksi inapokutana na antena. Unaweza kuongeza nyingine inapoingia nyumbani. Zile klipu za feraiti zinazobanwa kwenye waya mara moja hazifanyi kitu cha maana kwenye mita 40 na 80. Kizuizi huongezeka kwa mraba wa mizunguko: mizunguko miwili ni mara nne, minne ni mara kumi na sita. Klipu moja iliyopitiwa mara moja iko mwanzo kabisa wa hesabu hiyo. Kwa taa ya mezani yenye waya wake, funga waya wa umeme kwenye pete hiyohiyo karibu na taa, utasikia tofauti.

Nne, kwa anayekaa kwenye ghorofa lenye nyumba ishirini asiyeweza kubadilisha balbu za wote: antena ya kupokelea ya kitanzi, kipenyo cha mita moja hivi, inayozungushwa. Kitanzi kina pande mbili kisizozisikia. Kizungushe mpaka kelele ianguke, hata kama mtu wa Muscat naye amepungua kidogo. Cha muhimu ni tofauti kati yake na kelele.

Balbu ikiwa ya jirani

Jirani yangu ni mama mtu mzima, na taa ya baraza lake iko hatua kumi kutoka kwenye mkono mmoja wa daipoli yangu. Ningeweza kuandika malalamiko. TCRA kwa Tanzania, kama ilivyo Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, ndiyo inayotoa leseni zetu na ndiyo inayosikiliza mambo ya mwingiliano wa mawimbi. Lakini mtu anapelekewa shauri baada ya kupigiwa hodi, na mimi nilikuwa sijapiga.

Nilikwenda mapema, kabla ya isha, na redio ndogo mkononi ikikwaruza.

"Hodi hapa."

"Karibu. Karibu ndani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona redio inalia hivyo, imeharibika?"

"Haijaharibika, mama. Naomba unizimie taa hii ya baraza, dakika moja tu."

Akazima. Mkwaruzo ukakatika papo hapo, na sauti ya Kiarabu iliyokuwa imefunikwa ikajitokeza, mtu anasoma habari. Akawasha, ikapotea. Akazima tena mwenyewe, bila mimi kumwomba, ikarudi.

"Kumbe mimi ndiye ninayekunyima kusikia!"

"Taa ndiyo, mama, wala si kosa lako. Nimekuja na nyingine, nimeshaijaribu. Inawaka vilevile."

Alichotaka kujua ni kama itakula umeme zaidi kwenye LUKU, mita yake ya umeme. Nilimwonyesha wati zilizoandikwa pande zote mbili: 9 kwa 9. Nikapanda kiti, nikabadilisha, akanipa ile ya zamani niende nayo. Nimewahi kwenda kwa wengine watatu baada ya hapo, na mpangilio ni uleule: fika na redio inayolia ili asikie kwa masikio yake, mwache azime kwa mkono wake, na uwe na balbu ya kumpa tayari.

Kwenye kitako cha ile mpya nilikuwa nimeandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino usiofutika, na nina tatu kama hiyo kabatini. Balbu huungua, na akiunguliwa nayo atatuma mtoto dukani alete yoyote. Mita 40 ikipanda ghafla jioni moja, kabla ya kupima vilima, nitaenda kwanza kumsalimu.